Nilisema Nazisikia Gia Ndani ya Mafuta

Mimi Leya, ambaye mlikuwa mnaniita Bibi Masikio mkidhani sijui, nimeacha kazi. Mlinipa keki, mkanifunika kanga mbili, mkanivisha taji la maua ya plastiki ambalo mjukuu wangu amelichakaza kwa kucheza harusi. Asanteni. Sasa nakaa nyumbani na kuku sita na mguu unaouma. Nimeomba daftari kwa mjukuu huyo huyo. Shule yangu ni darasa la nne, kwa hiyo mwandiko uvumilieni.

Wengine wakistaafu huandika walivyopandishwa cheo. Mimi sikupandishwa popote, nilisogezwa tu kutoka kwenye fagio mpaka kwenye meza. Naandika kwa ajili ya jambo moja: pipa la mafuta pale kiwandani lirudishwe lilikokuwa, gia zipite kwanza mezani zisikilizwe, ndipo ziende kunywa mafuta. Hapo lilipo sasa linaua watu. Aliyelihamisha ni bosi, lakini limebaki hapo kwa sababu yangu, na nitawaeleza yote bila kujipendelea.

Siku ya kwanza nilikuja kufagia. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Silwimba, Mnamwanga mwenzetu, aliyefanya kazi ng'ambo kwenye migodi ya shaba mpaka wakampunguza. Alirudi Tunduma na presi moja kwenye lori na jambo moja kichwani: gia haihitaji kuchongwa. Unachukua unga wa chuma, unaumimina kwenye kalibu, unaubana kwa presi, unauchoma kwenye tanuru, na gia imetoka na meno yake yote. Watu walimcheka, wakasema Mzee anapika vitumbua vya chuma. Mimi nilikuwa mmoja wao, kisha nikaenda kumwomba kazi.

Nikashika fagio kavu nikafagia kama ninavyofagia uani. Unga ukapanda mpaka kwenye bati. Mzee akasimama mlangoni, akanitazama.

"Mama Leya, unajua unachokifanya?"

"Nafagia, Mzee."

"Hapo hewani kuna gia zangu mbili. Ukimaliza kuzipeperusha, uje unieleze nitazibana vipi."

Saa nne nikaiona gia imetoka kwenye presi wakati huo huo, inang'aa, ina meno kumi na nane. Nikaishika kwa kiganja kizima kama unavyoshika chuma. Ikamomonyoka. Nikabaki na unga mkononi na roho imenitoka, nikijua kazi imeisha kabla ya chai. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo bado mbichi, haijaonja moto, inashikwa kama yai. Sikufukuzwa, ila jioni ile watu wote walikuwa wananiita Mama Kashata.

Fundi wangu alikuwa mwanamke wa Kibemba, BanaChanda, maana yake mama yake Chanda. Alikuwa anavuka mpaka kutoka Nakonde kila asubuhi kwa miguu, kijaluba cha ugoro kwenye leso. Yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya kusikilizia. Mwaka mzima nilimwona kama mtu anayechezea vyuma, mpaka siku aliponiita.

"Mayo, mama, njoo. Hiyo gia nzima au imekufa?"

Nikaigeuza. "Nzima. Haina hata mkwaruzo."

"Awe," akasema, yaani hapana. Akaifunga uzi, akaiacha ining'inie, akaigonga na msumari. Ikatoa sauti fupi, kwee, kama sahani ya bati iliyopasuka. Akagonga nyingine, ikalia ngiiii, ikalia mpaka nikachoka kusubiri iishe. Ile ya kwanza akaiweka chini akaipiga nyundo. Ilikatika kwenye shina la jino, pale pale ambapo macho yangu mazuri hayakuona kitu.

Ufa huo, vijana, huzaliwa gia inapotolewa kwenye kalibu. Unga ulikuwa umebanwa, ukitoka unataka kupumua, unavimba kidogo tu. Kalibu ikiwa imelika kwenye kona, au mtu wa presi akiwa na haraka, gia inang'ang'ania huku inasukumwa, na ndani yake kitu kinaachana. Nje huoni. Tanuru haiutibu ufa huo, inauzika tu. Ndiyo maana nasema chuma cha unga ni mnafiki kuliko chuma cha kuyeyusha. Cha kuyeyusha kikipasuka kinakuonyesha.

Nilijitia ujuaji. Nilikuwa nimewaona mafundi wa malori wakitafuta nyufa kwenye injini: wanapaka mafuta ya taa, wanafuta, wanapaka chaki, na pale penye ufa mafuta yanarudi yanachora mstari. Nikamwambia BanaChanda njia yetu ya kugonga ni ya kizamani. Akaniacha nijaribu. Nikapaka, nikafuta, nikapaka chaki. Gia yote ikalowa, meno kwa tundu la katikati.

"Imetoka jasho mwili mzima," akasema. "Mgonjwa wa hivi utamuuliza anaumwa wapi?"

Maana chuma chetu kina vitundu vidogo visivyohesabika, kinakunywa chochote. Kwa hiyo zile mbichi tulizifuta kwa spiriti: inakauka haraka juu, lakini kwenye ufa inachelewa, unaona mstari mweusi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, halafu umetoweka. Ukipiga chafya umeukosa. Zilizochomwa tulizigonga. Kavu, safi, kwenye uzi, bila kuguswa na mkono.

Mimi sikujifunza kwa shida, na hapa najisifu kwa sababu ni kweli. Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule milimani Ileje. Kwetu mnunuzi hanunui chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole, na mfinyanzi mwenye aibu hukigonga mwenyewe kabla hajakipeleka. Tena kuna mwiko: chungu kilicholowa hakigongwi. Mtu akikuletea chungu kilicholowa maji ukigonge, ujue ana la kuficha, kwa sababu maji yanaingia kwenye ufa yanaushikilia, nacho kinalia sawa na kizima kilicholowa. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Likumbukeni, sitawarudishia.

BanaChanda macho yalipomwisha akabaki kwao, nikakaa mezani mimi. Nikawa na jina. Mwalimu wa kwaya kanisani alikuwa akitaka kujua nani ametoka kwenye sauti ananitazama mimi, sio kinanda. Madereva wa malori waliosubiri foleni ya mpaka walikuwa wakija kunijaribu. Siku moja nilikataa gia ishirini mfululizo, watu wa presi wakanikasirikia.

"Bibi leo umeamka vibaya," akasema Yaredi, mtu wa presi, mwenye mikono kama mikungu ya ndizi. "Au mume amekununia?"

"Mume wangu amekufa miaka mingi na bado ana sauti nzuri kuliko gia zako."

Mzee Silwimba akaja, akavunja tatu kwa nyundo mbele yetu. Zote zilikatika pale nilipoonyesha. Akafungua kalibu, kona ilikuwa imelika upana wa ukucha. Akafunga presi wiki nzima mpaka kalibu ikachongwa upya, na Yaredi akaninunulia soda bila kuambiwa. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizofanya kazi. Nimeiandika ili mjue kwamba ilikuwepo.

Mzee akafa, Mungu amrehemu, akakaa mwanawe Meshaki. Sio mtu mbaya. Anasalimia, anauliza kuhusu mguu, akiona mtu amefiwa anakuja mwenyewe. Ila baba yake alikuwa mtu wa gia, yeye ni mtu wa oda. Na oda zilikuja kutoka mashimo ya dhahabu ya Mbangala, ambako wachimbaji wanashuka na kupanda kwa winchi ya mkono. Winchi hiyo ina gia yenye meno yaliyolala upande mmoja, na kipande cha chuma kinachoangukia kwenye meno hayo, tak tak tak, ili winchi isirudi nyuma. Wanaozungusha wakichoka, gia hiyo ndiyo inayomshika mtu aliyeko kwenye kamba. Gia hizo tukaanza kuzibana sisi.

Mwezi wa sita na wa saba ukungu wa huku mnaujua. Gia zilizochomwa zikikaa zinasubiri kusikilizwa zinashika kutu usiku mmoja. Meshaki akasema: kwa nini tusizitumbukize kwenye mafuta moto zikitoka tu kwenye tanuru, halafu ndipo zisikilizwe? Pipa lililokuwa baada ya meza yangu likahamishwa mbele yake siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata nikafunga uzi, nikagonga. Puu. Nikafuta kwa kitambaa, nikagonga nyingine. Puu. Zote zilikuwa na sauti ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Nikapeleka moja pembeni nikaipasha kwenye jiko mafuta yatoke, nikagonga tena, ikalia kwee. Imekufa. Na ndani ya mafuta ilikuwa haina tofauti na wenzake.

Nilikuwa naelekea ofisini kumwambia. Nawaapia nilikuwa nimeshavuka ua. Meshaki akatokea na wageni watatu, wanunuzi wa Mbangala, viatu vyekundu kwa udongo. Mmoja wao akasema, kwa adabu tu:

"Bosi, hizi zimeshalowa mafuta. Huyu mama anasikiaje?"

Meshaki akacheka, akaniwekea mkono begani. "Huyu? Huyu anasikia ufa hata gia ikiwa chini ya maji. Sio, Mama? Si unasikia?"

Watu wa presi wote walikuwa wamesimama. Yaredi alikuwa anatabasamu, anajivunia mimi. Nilitakiwa kusema neno moja. Nikasema, "Nasikia."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikuogopa kufukuzwa, wangenifukuza vipi? Nilipenda tu wanavyonitazama. Mtu mwenye darasa la nne, aliyekuwa Mama Kashata, wageni wa mbali wanamwangalia kama ana kitu ambacho wao hawana. Nikagonga moja mbele yao, nikainamisha kichwa, nikasema, "Hii nzima." Nikagonga ya pili, nikakunja uso. "Hii imekufa." Sikuwa nimesikia chochote kwenye ile ya kwanza wala ya pili.

Kuanzia hapo nikafanya hivyo kila siku. Katika kumi nilikuwa nakataa moja, wakati mwingine mbili, ili ionekane kuna anayesikiliza. Nilikuwa nabadilisha badilisha nisije nikajulikana. Nilijiambia moyoni kwamba nitamwambia bosi Jumatatu. Jumatatu zilikuwa nyingi sana.

Kisha akaja Ezekieli kutoka Mbangala. Alifika kwa basi mpaka Vwawa na gari jingine mpaka kwetu, amebeba mfuko wa sandarusi. Ndani kulikuwa na gia iliyokatika vipande viwili. Kaka yake, Gidioni, alikuwa anapandishwa kutoka shimoni, amebakiza kidogo kutoka. Waliokuwa wanazungusha wakapumzika kama wanavyopumzika siku zote, wakaiachia gia imshike. Gia ikakatika. Gidioni akarudi chini.

"Sijaja kugombana," Ezekieli akasema. "Nataka tu kujua. Tuliambiwa hizi zinasikilizwa."

Meshaki akavigeuza vile vipande. Akauliza walikuwa wamebeba nini, kamba ilikuwa na mawe? Akasema kwa upole kwamba winchi hupakiwa kupita kiasi, inatokea. Ezekieli akaitikia, ndiyo, huenda. Mimi nikavishika. Nukta yangu ya ponchi ilikuwepo ubavuni, alama ya kwamba nimeipitisha. Nikatazama pale palipokatika. Nusu ilikuwa inang'aa, chembe nyeupe kama chumvi: hapo palikatika siku ile aliyoanguka Gidioni. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, imelainika kwa mafuta. Mafuta yale nayajua harufu yake, ni ya pipa letu. Vitundu hunywa tone tone, lakini mafuta hayatandi yakawa meusi hivyo mahali ambapo hapajaachana. Ufa ulikuwepo kabla gia haijatumbukizwa, ukapita mezani kwangu, nikaupigia nukta.

Nilienda msibani Mbangala na mchele wa bosi. Niliosha masufuria siku mbili, sikutaka kukaa. Mjane, mwanamke mdogo, jina lake Rehema, akaja jikoni akanishika mikono yangu yenye masizi.

"Mama, wamesema wewe ndiye unayezisikiliza. Na umetoka mbali hivi. Mungu akubariki."

Nikasema amina. Niliyaosha masufuria yale mpaka yakawa mapya. Sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia, na kama daftari hili litafika Mbangala basi atakuwa ameambiwa.

Niliporudi niliingia ofisini nikafunga mlango. Nikamwambia Meshaki yote: sikuwahi kusikia kitu ndani ya mafuta, hakuna binadamu anayeweza, rudisha pipa. Nikamwekea mezani vile vipande alivyotuachia Ezekieli, nikamwonyesha weusi.

Alivitazama, akavisogeza pembeni. Halafu akanisogezea maji.

"Mama, umetoka msibani. Umechoka."

"Sijachoka. Nimekudanganya."

"Wewe hujawahi kudanganya mtu. Baba alisema hivyo, na mimi nasema hivyo. Unajilaumu kwa sababu una roho nzuri."

"Meshaki, chukua gia kumi, pasua moja, zitumbukize zote, niletee. Nikiipata, nifukuze kwa uongo wa leo."

"Sasa nikufanyie mtihani, umri huo? Watu watanionaje?" Akasimama, akanifungulia mlango. "Nenda ukapumzike, Mama. Tunajua unasikia."

Nimewahi kusema uongo nikaaminiwa kwa neno moja. Ukweli niliusema siku hiyo, nikausema tena mbele ya Yaredi na watu wa presi, wakainamisha vichwa kwa huruma. Yaredi akasema, "Bibi, kifo kinachanganya mtu." Nikakataa kupiga nukta. Bosi akasema sawa, pumzika, akamkalisha mezani Neema, binti wa Itaka mwenye kidato cha nne, nami nikaombwa nimfundishe. Nikamfundisha spiriti, nikamfundisha uzi na msumari, nikamwambia gia kavu tu. Aliandika yote. Nilipoondoka na keki yangu nilidhani walau yeye amebaki.

Wiki iliyopita nilienda kiwandani. Neema alikuwa mezani, pipa liko pale pale, anagonga gia zinazodondosha mafuta. "Nzima. Nzima. Nzima." Ya saba akainamisha kichwa, akakunja uso, akaitupa kwenye ndoo ya zilizokufa. Nilikijua kile kichwa kilivyoinama. Ni changu.

Nilikuwa nimekwenda nimejiandaa. Nilichukua gia kumi kavu zilizotoka kwenye tanuru, nikazigonga mimi mwenyewe zote, tisa nzima na moja imekufa, hiyo moja nikaikwaruza kidogo ndani ya tundu. Tukazitumbukiza zote, tukazitoa, tukazifuta. Neema akazigonga zote kumi. Akakataa mbili. Zote mbili zilikuwa nzima. Ile yenye mkwaruzo aliipitisha.

"Jaribu na wewe, Bibi," akasema. Nikageuka ukutani, akazichanganya. Nikagonga kumi, kwa masikio haya haya. Nikachagua moja. Tukatazama ndani ya tundu, halikuwa na mkwaruzo.

"Umeona?"

"Nimeona, Bibi. Niliona tangu wiki ya kwanza."

"Basi twende ofisini, wote wawili. Mmoja anaambiwa amechoka, wawili wataambiwa nini?"

Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Bibi, wewe umeshaondoka, una kuku wako. Mimi nikisema sisikii, bosi atamleta mwingine atakayesema anasikia. Atampata kabla ya saa sita. Na huyo hata kukataa moja katika kumi hatakataa."

Nilitafuta jibu. Nililitafuta kweli, na nimelitafuta wiki nzima nikiandika haya, na ndiyo maana naandika, labda mmoja wenu analo. Ile yenye mkwaruzo nikaitia kwenye mkoba. Moja. Nyuma ya Neema palikuwa na kreti mbili zinazosubiri, na gari la Mbangala lilikuwa limeshafika getini, dereva anapiga honi.

Neema akafunga uzi kwenye gia nyingine, akagonga.

"Nzima," akasema, akaipigia nukta.